Bosco hajarogwa, amekosa kazi

*Daktari, mimi ni mama wa watoto wawili, na tunaishi Korompoi, Kitengela, kwenye ploti yetu ya hamsini kwa mia. Tuna mbwa dume, jamii ya German shepherd, anaitwa Bosco, ana kama miaka mitatu. Tulimnunua kando ya barabara akiwa mdogo sana, hata kula alikuwa hajui vizuri. Mimi na mume wangu hutoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazini Nairobi kabla ya msongamano, tukarudi saa mbili usiku. Mchana Bosco hufungiwa kibandani kwa sababu dada anayetusaidia nyumbani anamwogopa. Usiku anafunguliwa alinde boma. Tangu mwaka jana ameanza kuzunguka akiufukuza mkia wake mpaka unatoka damu. Tena anaulamba mguu wa mbele, pamebaki kidonda kisicho na manyoya. Usiku anabweka bila kitu, na majirani wamenishtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Watoto humcheka na kumrekodi kwa simu. Mume wangu humrushia mawe ili anyamaze. Jirani mmoja anasema mbwa huyu amerogwa, mwingine anasema ana kichaa. Mume wangu amesema likizo ya Agosti ikiisha kabla hajabadilika, atampakia kwenye gari akamwache mbali, upande wa Isinya. Watoto wanalia. Nifanye nini?*

*Mama wa Korompoi, Kitengela*

Mama, pole kwa kukosa usingizi, na asante kwa kuandika mapema kabla Bosco hajapakiwa kwenye gari. Nianze na neno lililonishtua katika barua yako, yaani kichaa, kwa sababu hilo likiwa kweli mengine yote hayana haja. Kichaa cha mbwa hakikai mwaka mzima. Mbwa akishaonyesha dalili za ugonjwa huo, kwa kawaida hufa ndani ya siku kumi. Bosco amekuwa akizunguka tangu mwaka jana na bado yuko. Huyo hana kichaa. Ila hujaniambia alichanjwa lini, na hilo ningependa ulishughulikie wiki hii hii, maana chanjo hurudiwa kila mwaka. Tangu 2014 Kenya ina mpango wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na nguzo yake kubwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Bosco awe mmoja wao. Na kwa kuwa ana vidonda vinavyouma na kuna watoto nyumbani, mjue hili: akimng'ata mtu au hata kumkwaruza kwa jino, mahali hapo paoshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitalini siku hiyo hiyo. Msikae kumtazama mbwa kwanza.

Kuhusu kurogwa, nakujibu bila kumdharau jirani yako: hapana. Kuufukuza mkia, kulamba mguu mpaka unachubuka, kutembea njia ile ile kando ya ukuta kutwa nzima, kuguguna mlango, kuchimba bustani, kubweka mfululizo, hizi ni tabia ambazo madaktari wa mifugo wanazijua kwa miaka mingi, na zinaonekana Ulaya na Marekani kama zinavyoonekana Kitengela. Farasi aliyefungiwa zizini huguguna mbao. Nguruwe jike aliyebanwa mahali asipoweza kugeuka huguguna vyuma. Kasuku wa kwenye tundu hujinyonyoa manyoya. Wote hao wanaishi mahali ambapo mwili na akili walizozaliwa nazo hazina la kufanya, au mahali wanapoogopa na hawana pa kukimbilia. Mnyama huanza jambo dogo la kujituliza, na kwa kuwa linamtuliza kidogo, hulirudia. Akilirudia vya kutosha, jambo lenyewe linamtawala, hata siku ambayo hana sababu.

Sasa tazama siku ya Bosco. Kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili usiku ni saa 15. Hukuniambia kibanda chake ni cha nini, lakini ploti nyingi za Kitengela nilizopita zina vibanda vya mabati, na unalijua jua letu la Januari na Februari, lisilo na mti wa kulikinga. Ndani ya kibanda hicho hana cha kunusa, hana cha kutafuta, hana wa kumwangalia. Kisha usiku mlango unafunguliwa, nanyi mnataka awe hodari, mtulivu, mwenye akili timamu, abweke mwizi akija na anyamaze mwizi asipokuja. Mmempa kazi ya usiku na mmemnyima mchana wote.

Na hebu fikiria ni mbwa wa aina gani huyu. German shepherd ilianzishwa kama jamii ya mbwa Ujerumani mwaka 1899 na afisa wa jeshi aliyestaafu, Max von Stephanitz, kutokana na mbwa wa wachungaji wa kondoo. Kazi ya mbwa hao ilikuwa kutembea kutwa pembezoni mwa kundi, kwenda na kurudi, ili kondoo wasiingie katika mashamba ya watu. Walichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sababu ya kutochoka na kwa sababu ya kutotulia pasipo na kazi. Hata Bosco akiwa amechanganyika na wa kienyeji, damu hiyo anayo.

Ukitaka kuona tofauti, safiri kidogo tu kutoka Korompoi, uende Olooloitikosh au mbele zaidi, ukae nje ya boma la Wamasai jioni mifugo inaporudi. Utawakuta mbwa. Wamekonda, wana kupe, wengi hawajawahi kuona sindano, na maisha yao ni mafupi. Siwasifu kwa hayo. Lakini mchana wamezunguka watakako, wamenusa nyayo za fisi, wamefuata watoto na mbuzi, wamelala kivulini walipochoka, na usiku wanajua mlango upi wa boma wanaulinda na nani anapita. Miaka yote niliyopita katika maboma hayo sijaona hata mmoja akiufukuza mkia wake. Wa aina hiyo huwa naletewa kutoka kwenye ploti zenye ukuta.

Unaweza kuniuliza mbona mbwa wa jirani naye anafungiwa na hazunguki. Swali zuri, na lina majibu mawili. La kwanza ni kuzaliwa. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, Nicholas Dodman akiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba Doberman wanaonyonya ubavu wao au blanketi kutwa nzima wana tofauti katika sehemu moja ya kromosomu ya 7. Kwa hiyo wapo mbwa wanaozaliwa karibu zaidi na tatizo. La pili ni malezi. Mwaka 2012 watafiti wa Ufini walichapisha uchunguzi wa mbwa wanaoufukuza mkia, German shepherd wakiwamo. Waligundua kwamba waliotenganishwa na mama zao mapema walikuwa na tabia hiyo zaidi, na kwamba waliokuwa wakipewa vitamini na madini pamoja na chakula walikuwa nayo kidogo. Hayo hayathibitishi kwamba vitamini ni dawa ya mkia. Lakini uliposema mlimnunua Bosco kando ya barabara akiwa hajui hata kula, nilielewa mengi. Mtoto wa mbwa anapaswa kukaa na mama na ndugu zake hadi wiki ya nane. Hapo ndipo anajifunza kujituliza. Vijana wanaouza vijibwa barabarani hawawezi kungoja, kwa sababu kijibwa kidogo kinavutia zaidi mikononi. Hilo limepita na halirudi. Nalitaja ili mkichukua mwingine siku moja mjue la kuuliza.

Nakuja kwenye jambo ambalo naamini limemuumiza Bosco kuliko kibanda, nalo linawahusu ninyi nyumbani, kwa hiyo nivumilie. Mwaka 1914, katika maabara ya Ivan Pavlov kule Urusi, mbwa alifundishwa kwamba akionyeshwa duara chakula kinakuja, na akionyeshwa umbo la yai hakiji. Alijifunza vizuri. Kisha wakawa wanalisogeza yai likaribie kuwa duara, siku baada ya siku, mpaka mbwa akashindwa kutofautisha. Hakupigwa, hakunyimwa chakula. Alishindwa tu kujua kitakachofuata. Mbwa aliyekuwa mtulivu alianza kulia, kuhangaika na kung'ata vifaa vilivyomfunga, na hata yale aliyoyajua mwanzo yakampotea.

Bosco anapozunguka, leo watoto wanacheka na kumwita jina lake, na kwa mbwa aliyekaa peke yake saa 15 hicho ni chakula kitamu kuliko nyama. Kesho akifanya kitu kile kile, jiwe linampiga mbavuni. Yeye hana njia ya kujua lini ni kicheko na lini ni jiwe. Kwa hiyo mawe yaishe leo, na simu za kurekodi kwa kicheko ziishe leo. Mpigaji mawe si mtu mbaya. Amechoka, anaamka saa kumi. Lakini hofu ndiyo inayoendesha tabia hii, na jiwe linaongeza hofu. Akianza kuzunguka mkiwapo, msipige kelele, msimkaripie, wala msimshike. Mbwa aliye katikati ya mzunguko anaweza kumng'ata hata anayempenda bila kujua. Toeni sauti ya jambo jingine analolijua, kama kugonga sufuria ya chakula upande wa pili wa ua au kuchukua kamba ya kutembelea, na akija, mpeni kazi ndogo kabla ya kumpa chochote: akae, au atafute tonge mlilolificha. Akiwa ametulia mwenyewe, hapo ndipo mwiteni kwa jina na kumpapasa. Hiyo ndiyo saa ambayo watu wengi humsahau mbwa.

Kabla ya kubadilisha siku yake, hata hivyo, apimwe. Mbwa anaulamba mguu pia kwa sababu kiungo kilicho chini ya ngozi kinauma, au kwa sababu mwiba wa mgunga uliingia na kuvunjika. Anaufukuza mkia kwa sababu ya viroboto, upele, minyoo, au tezi ndogo zilizo kando ya njia ya haja kubwa zikijaa. Wapo wachache ambao mizunguko yao ni kifafa. Hao huwezi kuwatoa katika mzunguko hata kwa nyama, na huonekana wamepotea kwa muda baadaye. Hapa video ya simu ina faida. Mrekodini mara chache, kimya, mkiwa mbali, ionyesheni kliniki. Nendeni kwa daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Si kila anayeuza dawa kwenye agrovet ni daktari, hata kama sote tunamwita hivyo. Mkihitaji uchunguzi mkubwa zaidi, Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete na kina hospitali ya wanyama wadogo.

Kile kidonda cha mguuni usikidharau. Ulimi wa mbwa hauponyi kidonda cha namna hiyo. Unakifanya kiwe kinene, bakteria wanaingia chini, kinawasha, naye analamba zaidi. Atahitaji dawa, na atahitaji kola ya plastiki shingoni kwa muda ili ulimi usifike. Kola ya dukani ikiwa ghali, ndoo ndogo ya plastiki iliyokatwa kitako na kulainishwa ukingo inafanya kazi hiyo. Lakini kola bila kumbadilishia maisha ni kumfunga mdomo tu. Ataitoa na kuanza upya.

Kuna mambo matatu ambayo watu wa Kajiado humfanyia mbwa mwenye kidonda, na nakuomba usiyafanye. Usimpake oili chafu ya gari. Usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe iliyokadiriwa kwa macho, maana mbwa anayejilamba kutwa ataila yote. Na usimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofen inaweza kumuua mbwa.

Sasa mchana wake. Kibanda kibaki cha kulala tu. Ploti ya hamsini kwa mia, hata nyumba ikishasimama, huacha sehemu nyuma au ubavuni. Gawanyeni sehemu hiyo kwa seng'enge ya wavu yenye geti, ili Bosco awe na uwanja wake mchana, naye dada apite kwenda kwenye kamba ya nguo bila hofu. Mwekeeni kivuli cha kweli, hata cha shade net ya wakulima juu ya nguzo nne, na maji mahali asipoweza kuyamwaga. Kama anapenda kuchimba, mwageni mchanga pembeni na mfukie vitu humo, aache sukuma yenu. Upande wa barabara ukiwa wazi kiasi cha kumwonyesha kila bodaboda na kila kundi la mbuzi linalopita, uzibeni kwa mabati hadi usawa wa macho yake. Watu hudhani mbwa anafurahia kutazama nje. Anayebwekea wapita njia kutwa nzima yuko katika vita asivyoweza kuvimaliza.

Dada naye asilaumiwe kwa kuogopa. Mtu asiyelelewa na mbwa ana haki ya kuogopa mbwa mkubwa. Awe anarusha matonge madogo ya ugali uliochanganywa na mchuzi wa matumbo kupitia wavu, kila anapopita, bila kusema kitu na bila kusimama. Baada ya muda Bosco atakuwa akimngoja kwa furaha, naye dada ataona kwa macho yake kwamba mkia unatikiswa. Wala msimlazimishe dada kuingia ndani.

Chakula ndipo penye ushindi mkubwa na wa bei nafuu. Bosco hula vipi leo? Nakisia ni sufuria moja usiku, dakika mbili, kwisha. Kuanzia sasa asile kwenye sufuria. Chakula kikavu au matonge yaliyokaushwa yatawanywe kwenye nyasi. Mengine yafungwe ndani ya katoni kuukuu, katoni ndani ya gunia, gunia liachwe uwanjani alfajiri mnapotoka. Atararua katoni yote, na mtakuta takataka jioni, furahini. Toeni tu utepe wa plastiki na pini. Goti kubwa bichi la ng'ombe kutoka buchani, lililopita ukaguzi, litampa kazi ya saa nyingi, mkiwapo siku za kwanza kumwangalia. Mifupa iliyopikwa asipewe, hasa ya kuku, inapasuka vipande vyenye ncha. Na maini au mapafu mabichi asipewe kabisa: humo mna uvimbe wa tegu anayepita kwa mbwa na kurudi kwa watoto, ugonjwa unaojulikana vizuri katika jamii za wafugaji wa Kenya. Dawa ya minyoo apewe kwa ratiba ya daktari.

Kwa nini nasisitiza kunusa? Kwa sababu pua ndiyo mbwa mwenyewe. Katika kaunti yetu hii hii, huko chini Mbirikani na Kimana, shirika la Big Life Foundation linatumia mbwa wanaofuata harufu za majangili nyikani, na mbwa wa namna hiyo hufanya kazi kwa furaha, kisha hulala. Hapo nyumbani watoto wako wanaweza kumfundisha Bosco mchezo mdogo wa aina hiyo. Mmoja amshike, mwingine afiche kitambaa chenye harufu ya nyama, kwanza mahali rahisi, kisha nyuma ya tangi, kisha juu ya ngazi, naye aachiliwe akitafute. Dakika 15 za kutafuta kwa pua humchosha mbwa kuliko mnavyodhani. Watoto waliokuwa wakimcheka watakuwa walimu wake, na nadhani hilo litawatuliza kilio pia.

Kutembea kunabaki kuwa lazima. Siwezi kukuambia uamke saa tisa. Gawaneni: baba watoto dakika 20 alfajiri siku hizi, wewe siku zile, na Jumamosi na Jumapili saa nzima kwenye murramu kabla jua halijawaka. Kama kuna kijana wa mtaani mnayemwamini, mlipeni amtembeze saa kumi jioni. Kamba imara kila wakati. Kundi la mbuzi likitokea, simameni kando na mgeuzeni uso, kwa sababu mbwa akiingia katika mbuzi wa watu hapa, mchungaji ana haki ya hasira yake.

Umeandika kwamba usiku Bosco anabweka bila kitu. Hapo natofautiana nawe kidogo. Masikio ya mbwa husikia sauti za juu zaidi ya mara mbili ya tunazofikia sisi, na mahali mnapoishi palikuwa njia ya wanyama jana tu. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi haina ua upande wa kusini, na nyika ya Athi na Kapiti ndiyo ilikuwa malisho ya wanyama hao wakati wa mvua. Juni 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Machi 2016 simba aliyejulikana kama Mohawk alipigwa risasi Isinya. Richard Turere alikuwa mvulana mdogo wa hapo kando ya hifadhi alipobuni taa zinazomweka ili simba wasikaribie zizi la baba yake, na mwaka 2013 dunia nzima ikamsikia. Fisi bado wanapita. Kwa hiyo mbwa akibweka mara kadhaa akitazama upande mmoja, huenda anafanya kazi mliyompa. Yule anayebweka saa nzima kwa sauti moja, bila kutazama popote, ndiye mwenye dhiki.

Kwa huyo wa pili, msimjibu kwa kelele kutoka dirishani. Kwake mnabweka pamoja. Mtembezeni kidogo mkirudi, mpeni sehemu kubwa ya chakula usiku kwa mtindo wa kutafuta, na kuanzia saa tano alale barazani karibu na mlango wenu, au stoo yenye hewa, badala ya kuzunguka ukuta usiku kucha. Mlinzi aliyelala mlangoni anasikia vile vile, na mwizi anaogopa mbwa aliye karibu na mlango. Kisha nenda kwa majirani waliokushtaki, wewe mwenyewe, pamoja na mwenyekiti. Waombe radhi, waeleze mlichoanza kufanya, wape namba yenu ili wapige simu badala ya kukaa na hasira. Watu huvumilia kelele zaidi wanapojua kuna mtu anayeshughulika nazo.

Watakuambia umhasi. Kuhasi ni jambo jema, kutapunguza kutangatanga na kupigana, lakini hakutaondoa uchovu wa kukaa bure. Watakuambia umnunulie mwenzake. Subirini kwanza Bosco apone. Mbwa wawili waliofungiwa hufundishana hofu. Zipo pia dawa za kutuliza tabia za kulazimika kurudia, ambazo daktari huandika akiona mazoezi peke yake hayatoshi. Hakuna aibu katika hilo, na hazitolewi kwa kukisia.

Imebaki Isinya. Mwambie baba watoto, kwa upole na mkiwa wawili, kwamba nimeelewa anachotaka: usingizi na usalama wa nyumba yake. Kumtupa Bosco hakutampa. Mbwa aliyezoea kibanda na sufuria hawezi kuwinda. Siku chache akiwa nyikani atakuwa katika mbuzi wa mtu, na atakufa kwa mkuki, kwa sumu au kwa njaa. Kumtelekeza mnyama kwenye mateso ya namna hiyo kunagusa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria zetu. Na watoto hawatasahau gari lilirudi bila nani. Ikifika mahali kwamba hamwezi kabisa, wapelekeeni watu wa KSPCA, chama cha ulinzi wa wanyama kilichoko barabara ya Lang'ata, Nairobi, na muwaambie ukweli wote kuhusu mkia na mguu ili anayemchukua ajue.

Lakini hamjafika hapo. Tabia ya mwaka mzima haiondoki kwa siku tatu, na wiki ya kwanza mnaweza hata kuona imezidi kidogo, kwa sababu kila kitu kimebadilika. Tundika daftari jikoni. Kila usiku andikeni alizunguka saa ngapi, kwa muda gani, na nini kilitokea kabla yake: geti liligongwa, jirani aliwasha jenereta, au hakuna. Mizunguko ikianza kuwa mifupi, na akaanza kukubali kuitwa katikati yake, mko njiani, hata kama idadi haijashuka. Shule zikifunguliwa na hakuna kilichopungua, usiongoje muhula mwingine. Chukua daftari na zile video, urudi kwa daktari aliyempima, na umuulize kuhusu dawa.